CD4 ZIPO, KAZI HAKUNA!

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani na Kanada walitoa taarifa iliyowashangaza madaktari wengi. Walikuwa na watoto wachanga wanaougua mfululizo. Nimonia inapona, inarudi. Kuhara hakukomi. Mdomoni kuna utando mweupe wa fangasi, na uzito hauongezeki. Mtoto wa namna hiyo akiletwa kliniki hapa kwetu, jambo la kwanza litakalomjia muuguzi kichwani ni kumpima VVU. Watoto hawa hawakuwa na VVU. Tena walipopimwa damu, zile seli ambazo kila mtu amezisikia, yaani CD4, zilikuwepo za kutosha kabisa.

Zilikuwepo, lakini hazifanyi kazi.

Kijana mwenzangu, nimeanza na watoto hawa kwa sababu moja. Sisi tumezoea kuzungumza CD4 kama hesabu ya fedha mfukoni. "CD4 zake zimeshuka." "Mimi zangu ziko mia sita, sina wasiwasi." Nikienda mashuleni swali linalokuja mara nyingi ni "kiwango cha kawaida ni ngapi?" Jibu ni rahisi: kwa mtu mzima mwenye afya ni kati ya 500 na 1,500 hivi katika tone dogo la damu la milimita moja ya ujazo. Lakini sijawahi kuulizwa swali ambalo kwangu ni tamu zaidi: hiyo CD4 moja, ikikutana na kijidudu, inafanya nini hasa? Inajuaje kwamba sasa ni wakati wa kazi? Leo tutaingia ndani ya seli tukaone. Shika daftari, maana kuna majina mageni kidogo, ila mambo yenyewe si magumu.

SAFARI YA KIPANDE CHA TB

Tuseme umepanda daladala imejaa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, na abiria mmoja anakohoa. Ukavuta hewa yenye vijidudu vya kifua kikuu. Vinafika kwenye mapafu. Huko zipo seli zenye matawi kama mti, kazi yake ni kuonja kila kigeni kinachoingia. Zikimeza kijidudu, zinakikatakata, kisha zinachukua vipande vya protini yake na kuviweka juu ya ngozi yao, kwenye protini maalumu ambayo mimi huifananisha na sahani. Kisha zinasafiri hadi kwenye tezi za limfu, zile unazozisikia zimevimba shingoni au kwapani ukiwa mgonjwa.

Ndani ya tezi hizo ndiko seli T zinakopita kwa maelfu, moja baada ya nyingine, zikigusa sahani na kuangalia kilichowekwa. Seli T huzaliwa kwenye uboho wa mifupa na kusomeshwa kwenye tezi ya thaimasi, iliyopo kifuani juu ya moyo. Herufi T imetoka kwenye jina la tezi hiyo. Ni shule ngumu kweli kweli: zaidi ya 9 katika kila 10 zinazoingia hufa humo humo, ama kwa sababu hazioni chochote, ama kwa sababu zinaushambulia mwili wenyewe. Wewe unayelalamikia mtihani wa kidato cha nne, usiombe kusoma huko!

Kila seli T iliyohitimu hubeba juu ya ngozi yake makumi ya maelfu ya vipokezi, vyote vya aina moja. Kipokezi cha seli hii kinafanana na kipande fulani tu, cha seli ile na kipande kingine. Kwa hiyo seli nyingi zitagusa sahani yenye kipande cha TB na kupita zake. Halafu inakuja moja, kipokezi chake kinakaa sawasawa kwenye kile kipande.

Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

KIPOKEZI KISICHOWEZA KUSEMA

Muundo wa kipokezi cha seli T ulikuwa fumbo kwa miaka mingi. Mwaka 1984 ndipo kundi la Mark Davis huko Marekani na kundi la Tak Mak huko Toronto, Kanada, walipopata jeni zake. Watu wakafurahi. Kumbe furaha ilikuja na fumbo jingine. Sehemu ya nje ya kipokezi ni ndefu na nzuri, inashika kipande barabara. Lakini sehemu inayoingia ndani ya seli ni fupi mno, asidi amino chache tu. Ni kama mlinzi wa geti ambaye anamwona mwizi vizuri lakini hana filimbi wala sauti. Ameona, sawa. Nani atawaambia walio ndani?

Jibu likawa kwamba kipokezi hakikai peke yake. Kimezungukwa na wenzake wanaoitwa CD3, pamoja na wawili wanaoitwa zeta. Hawa hawashiki kipande cha TB hata kidogo. Wao wana mikia mirefu inayoning'inia ndani ya seli, na kwenye mikia hiyo kuna sehemu 10 zenye mpangilio wa namna moja. Kila sehemu ina tairosini mbili. Piga hesabu: kila kipokezi kimoja kina tairosini 20 zinazosubiri ndani.

Tairosini ni nini? Ni mojawapo ya zile asidi amino 20 zinazojenga protini zote mwilini. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jibini, kwa sababu mkemia wa Ujerumani, Justus von Liebig, aliipata kwanza kwenye protini ya jibini mwaka 1846. Maharage yanayo, dagaa wanayo, maziwa yanayo, na mwili wenyewe unaweza kuitengeneza kutoka kwenye asidi amino nyingine. Nasema hivi mapema ili asitokee mtu wa kukuuzia unga wa "kuongeza tairosini ya CD4". Tairosini haikosekani kwenye seli zako. La maana ni kile inachofanyiwa.

Kwenye pete ya tairosini kuna ncha moja ambapo fosfeti inaweza kubandikwa. Fosfeti hiyo hutolewa kwenye ATP, ile ile uliyosoma kwenye mada ya upumuaji wa seli. Kimeng'enya kinachobandika fosfeti juu ya tairosini kinaitwa kinasi ya tairosini. Kabla ya kubandikwa, tairosini ni tairosini tu. Ikishabandikwa inakuwa na chaji hasi, umbo lake linabadilika, na protini nyingine ambazo mwanzoni zilikuwa zinapita bila habari sasa zinakuja kuishika. Vimo pia vimeng'enya vya kubandua fosfeti hiyo. Kwa hiyo ni alama ya kuwasha na kuzima, haidumu milele.

Naomba nitoke nje ya mstari kidogo nikupe kisa, maana vitabu vya shule huwa vinaacha utamu huu. Hadi mwaka 1979 hakuna aliyejua kwamba fosfeti hubandikwa kwenye tairosini. Ilijulikana inabandikwa kwenye asidi amino mbili nyingine tu, serini na threonini. Tony Hunter, katika taasisi ya Salk huko California, alikuwa akitenganisha asidi amino zenye fosfeti kwa kutumia umeme. Maji ya kemikali aliyoyatumia yalikuwa ya zamani, yameshatumika mara kadhaa, hakutaka kujisumbua kutengeneza mapya. Kwa hiyo pH yake ilikuwa imeshuka hadi 1.7 badala ya 1.9. Katika pH ya kawaida tairosini yenye fosfeti hukaa mahali pamoja na threonini yenye fosfeti, huwezi kuzitofautisha. Kwenye yale maji yaliyochakaa zikaachana, na alama mpya ikaonekana pekee yake! Katika seli ya kawaida alama hiyo ni adimu mno, chini ya 1 kati ya kila fosfeti 1,000 zilizobandikwa juu ya protini. Lakini uadimu huo haupunguzi uzito wake. Leo tunajua binadamu ana jeni 90 za kinasi za tairosini, na nyingi hushughulika na maamuzi makubwa: seli igawanyike au isigawanyike, iamke au ilale.

(Mwalimu wako wa maabara akisoma aya hii asifikiri nawafundisha uvivu. Hunter alikuwa na macho ya kugundua kwamba alama ile haikuwa mahali pake. Huo ndio ujuzi.)

WAWILI WANAOWASHA: LCK NA ZAP-70

Sasa turudi kwenye tezi, seli yetu bado imeshikana na sahani ya TB.

Kinasi ya kwanza inaitwa Lck. Ilijulikana katikati ya miaka ya 1980. Yenyewe hukaa ndani ya seli, imejibanza kwenye utando, na nyingi zimeshikwa na mkia wa protini iitwayo CD4. Ndiyo, CD4 ile ile! Watu wengi wanafikiri CD4 ni jina la seli. Ukweli ni kwamba CD4 ni protini iliyo juu ya ngozi ya seli, na seli imepewa jina kwa sababu inaibeba. Seli nyingine T hubeba CD8 badala yake, hizo ndizo zinazoua seli zilizokwisha kuambukizwa. CD8 nayo humshika Lck vilevile. Jambo hili la CD4 na Lck kushikana lilitangazwa mwaka 1988.

Angalia sasa jinsi mpango ulivyo. Kipokezi kinashika kipande kilicho katika sahani. CD4 inakuja kando na kuishika sahani yenyewe, upande mwingine. Inapokuja, inamvuta Lck aliyefungwa mkiani mwake. Lck anajikuta jirani kabisa na ile mikia mirefu ya CD3 na zeta. Anaanza kazi: fosfeti hapa, fosfeti pale, tairosini mbilimbili.

Lck mwenyewe ana breki. Ana tairosini moja karibu na mkia wake ambayo ikibandikwa fosfeti anajikunja kama konokono na kutulia. Kimeng'enya kiitwacho Csk ndicho kinachobandika breki hiyo, na kingine kiitwacho CD45 ndicho kinachoibandua. Yaani fosfeti ile ile inayowasha mahali pamoja, mahali pengine inazima. Ukikutana na swali la namna hii kwenye mtihani usikariri kwamba "fosfeti huwasha". Uliza: imebandikwa wapi?

Kinasi ya pili ndiyo iliyo kiini cha habari ya wale watoto. Inaitwa ZAP-70. Ilipatikana mwaka 1992 na Andrew Chan, Arthur Weiss na wenzao huko San Francisco. Namba 70 ni uzito wake, kilodaltoni 70. ZAP-70 huelea ndani ya seli ikiwa imejifunga, haina madhara kwa mtu. Ina kama mikono miwili, na kila mkono unaweza kushika tairosini moja yenye fosfeti. Mkono mmoja hautoshi kushika kwa nguvu. Ndiyo maana tairosini za kwenye mikia zimepangwa mbilimbili, kwa umbali unaolingana na mikono hiyo. Lck akishabandika fosfeti kwenye zote mbili, ZAP-70 inakuja inadaka, inafunguka, na Lck anaipiga fosfeti nayo ili iamke kabisa.

Kuanzia hapo ZAP-70 ndiyo mpiga mbiu. Inabandika fosfeti kwenye protini nyingine iitwayo LAT, yenye tairosini nyingi kama mti wa kutundikia nguo. Juu ya LAT wanakusanyika wafanyakazi wengine, mmojawapo anakata mafuta ya utando wa seli na kutoa ujumbe unaofungua kalsiamu. Kalsiamu inafurika ndani ya seli. Kalsiamu inaamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinurini, nacho kinaibandua fosfeti protini iitwayo NFAT, ambayo sasa inaruhusiwa kuingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni. Jeni mojawapo ni ya IL-2, homoni ndogo inayoiambia seli: gawanyika.

Muda wake? Fosfeti za mwanzo hubandikwa ndani ya sekunde chache. Kalsiamu hupanda ndani ya dakika moja hivi. Jeni huchukua saa kadhaa, na baada ya siku nzima au zaidi seli inaanza kugawanyika: 2, 4, 8, 16, mpaka linapatikana jeshi zima la seli zinazoijua TB ile. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, seli yako ingekuwa imeshavuka hatua za mwanzo zote.

KUPEANA MKONO

Kuna swali ambalo wanafunzi wakali huuliza: kama mlolongo huu ni mwepesi hivyo, kwa nini seli haiwaki kila mara inapogusa sahani zenye vipande vya mwili wetu wenyewe? Na vipande hivyo ndivyo vilivyo vingi kuliko vya wadudu!

Fikiria watu wawili wanapeana mkono barabarani. Wasiofahamiana vizuri wanagusana tu na kuachana. Ndugu aliyetoka safari unamshika mkono, unauliza habari za huko, za wazee, za watoto, mkono bado hujauachia. Kipokezi kikigusa kipande cha mwili wenyewe, huachia haraka, kabla Lck na ZAP-70 hawajamaliza hatua zao, na vile vimeng'enya vya kubandua vinafuta fosfeti chache zilizobandikwa. Kikikaa sekunde kadhaa, hatua zote zinatimia na ujumbe unafika. Wingi wa hatua, ambao mwanafunzi anauona kama usumbufu wa kukariri, ndio unaoipa seli muda wa kupima. Na mara ikishawiva, haihitaji vipande vingi: karibu 10 tu vimeonekana kutosha kuiwasha seli moja.

Upimaji huo ukiharibika mambo yanageuka. Mwaka 2003 kundi la Shimon Sakaguchi huko Japani lilieleza habari za panya ambao ZAP-70 yao ilikuwa na kosa la herufi moja kwenye jeni. Haikuwa imekufa, ila dhaifu. Panya hao hawakuishia kuwa na kinga dhaifu tu kama ungetegemea. Walipata ugonjwa wa viungo kuvimba, kwa sababu kule kwenye shule ya thaimasi seli zinazoushambulia mwili hazikutambuliwa vizuri na zikahitimu. Waya ule ule hutumika shuleni na kazini.

Mkitaka kulielewa jambo hili msilisome tu, liigizeni klabuni. Mtu mmoja awe kipokezi, mikono yake iwe nje ya mstari wa chaki. Nyuma yake wasimame wawili wa zeta, kila mmoja na kamba yenye vipande vya karatasi viwili viwili. Mwingine awe CD4 akimwongoza Lck kwa mkono. Lck awe na gundi na vikaratasi vyekundu. ZAP-70 amefunikwa kanga, haruhusiwi kushika mpaka aone vyekundu viwili vilivyo jirani. Wawepo pia wabanduaji wawili, wachangamfu, kazi yao kubandua kila wanachokikuta. Mtaona wenyewe: sahani ikiondolewa mapema, wabanduaji wanashinda. Halafu mwondoeni ZAP-70 nje ya chumba, mjaribu tena.

SASA WALE WATOTO

Nadhani umeshaanza kuhisi. Lakini tusikimbilie jibu, tazama jinsi watafiti walivyofika hapo, maana ni upelelezi wa kupendeza.

Kwanza walihesabu seli. CD4 zilikuwepo, CD8 karibu hakuna. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza. Kisha wakachukua zile CD4 na kuziweka kwenye chupa, wakavigonga vipokezi vyake kwa kingamwili zinazoshika CD3, ambayo ni kama kuibonyeza kengele kwa nguvu. Seli za mtu mzima wa afya hapo hugawanyika. Za watoto hawa zikakaa kimya.

Je, seli zenyewe zimekufa? Au mashine ya kugawanyika ndiyo mbovu? Wakatumia kemikali mbili za maabara, PMA na ionomisini. Hizi hazipiti kwenye kipokezi. Ionomisini hufungulia kalsiamu moja kwa moja na PMA huamsha hatua nyingine ya mbele. Seli zikagawanyika! Ni kama taa ya chumbani haiwaki ukibonyeza swichi, ukaunganisha balbu moja kwa moja kwenye betri, ikawaka. Balbu nzima. Swichi nayo ipo, vipokezi vinaonekana juu ya seli. Kumbe waya umekatika mahali katikati, baada ya kipokezi na kabla ya kalsiamu. Walipotafuta protini za hapo katikati moja moja, ZAP-70 haikuwepo. Wakasoma jeni yake, wakakuta makosa.

Kwa nini basi CD8 zilipotea na CD4 zikabaki? Kule kwenye thaimasi seli changa huhitaji waya huo ili zifaulu. ZAP-70 ina ndugu yake aitwaye Syk, ambaye katika seli changa yupo wa kutosha kuzisaidia zile za CD4 kupita. Za CD8 hawezi kuziokoa. Na zile za CD4 zikishahitimu na kutoka kwenye thaimasi, Syk hupungua, zinabaki na cheti bila nguvu ya kazi.

Ugonjwa huu ni wa kurithi na ni nadra sana. Mtoto lazima apate jeni mbovu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wenyewe huwa wazima, kila mmoja ana jeni moja nzuri inayotosha. Uwezekano wa kila ujauzito kuleta mtoto mgonjwa ni 1 kati ya 4. Chora ule mraba uliofundishwa kwenye mada ya urithi uhakikishe. Mtoto asipotibiwa mapema, maradhi ambayo mwingine angeyashinda kwa wiki moja yanaweza kumuua akiwa mdogo. Tiba ni kumpandikizia uboho wa mtu anayelingana naye, ili apate seli mpya zenye ZAP-70 yake. Walipopandikizwa, wapo waliopona na kuanza kukua.

VVU VINAUJUA WAYA HUU

Wewe na mimi pengine hatutamwona mtoto wa namna hiyo maishani. Lakini vijana wenzetu wanaoishi na VVU tunao madarasani, wengine wamezaliwa navyo, wanameza dawa kila siku bila mtu kujua. Na virusi hivi vina uhusiano wa karibu mno na waya tuliouchambua.

Kwanza mlango. VVU huingia kwa kushika CD4, ile ile inayomvuta Lck. Wameishika kwa upande wa nje. Pili, vikishaingia hutengeneza protini iitwayo Nef, inayoiondoa CD4 juu ya ngozi ya seli na kumhamisha Lck kutoka kwenye utando, anapohitajika, hadi ndani kwenye vijifuko. Kwa hiyo seli iliyoambukizwa ambayo bado iko hai nayo imeshavurugwa usikivu wake. Ndiyo maana nilisema hesabu pekee haisemi kila kitu.

Jambo la tatu ndilo kubwa zaidi, na ningeomba ulisome taratibu. VVU huandika jeni zake ndani ya jeni za seli. Seli ikiwa imelala, jeni hizo nazo zinaweza kulala, hazitoi kirusi hata kimoja. Dawa za ARV haziwezi kuziona kwa sababu hakuna kinachotendeka, na kinga ya mwili haizioni pia. Lakini kwenye swichi ya jeni za VVU kuna mahali pa kukaa NFAT, pamoja na ndugu zake wa NF-kB, wale wale wanaoingia kwenye kiini baada ya ZAP-70 kupiga mbiu. Umeona? Siku seli hiyo inapokutana na kipande chake, iwe ni cha TB au cha mafua, Lck anabandika, ZAP-70 inaamka, kalsiamu inapanda, seli inaamka kupigana, na virusi vinaamka pamoja nayo.

Mtu akiwa anameza ARV kila siku, virusi vinavyoamka vinashindwa kuambukiza seli nyingine, mambo yanaishia hapo. Akiwa ameacha, vinasambaa upya. Kwa watu wengi vinaonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache tu. Hii ndiyo sababu ya kibiolojia, wala si ukali wa daktari, inayofanya aambiwe asiache dawa hata kama CD4 zimefika 800, hata kama kipimo cha wingi wa virusi kimesema havionekani. Havionekani kwenye damu. Kwenye seli zilizolala vimo.

Zamani mtu alisubiri CD4 zishuke hadi kiwango fulani ndipo aanze dawa. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye VVU aanze mara moja, hesabu iwe yoyote. CD4 bado hupimwa, hasa kujua kama mtu ameshuka chini ya 200, ambapo anahitaji uangalizi wa ziada kwa TB na maradhi mengine. Lakini mwendo wa dawa hupimwa zaidi kwa wingi wa virusi.

Je, haiwezekani kuziamsha seli zote zilizolala kwa makusudi, virusi vitoke, ARV zivimalize? Wazo hilo limeshawajia wengi. Madaktari wa Amsterdam walieleza mwaka 1999 walivyowapa wagonjwa 3 dawa ya kugonga CD3 moja kwa moja, pamoja na IL-2. Wagonjwa walipata madhara makali, seli T zao zikapungua, na njia hiyo haikuendelezwa. Kuamsha waya huu mwili mzima kwa wakati mmoja ni kama kupiga king'ora cha moto kwenye kila nyumba ya mji. Watafiti wanaendelea kutafuta namna ya kuiamsha jeni ya VVU bila kuiamsha seli nzima.

Upande wa pili, waya huu umeshatuletea dawa. Mtu aliyepewa figo ya nduguye hupewa siklosporini au takrolimasi, dawa zinazoizuia kalsinurini, ili seli T zisiishambulie figo ngeni. Na tangu mwaka 2017 Marekani imeruhusu tiba ya saratani fulani za damu ambapo seli T za mgonjwa hutolewa, zinawekewa kipokezi cha kutengenezwa, na kurudishwa. Nje kipokezi hicho kinaitambua saratani. Mkia wake wa ndani ni ule wa zeta, na wanaokuja kuushughulikia ni Lck na ZAP-70, kama kawaida yao.

JADILINI KLABUNI

1. Mtoto mwingine ana CD4 na CD8 za kutosha, ZAP-70 ipo na ni nzima, lakini seli hazigawanyiki hata zikipewa PMA na ionomisini. Tatizo mngelitafuta wapi, kabla au baada ya kalsiamu?

2. Seli isiyo na CD45 ingekuwa mwepesi wa kuamka au mzito? Msijibu kabla ya kukumbuka breki ya Lck iko wapi.

3. Rafiki yako anameza ARV na kipimo kinasema virusi havionekani. Juzi kaugua malaria, kapona, na sasa anasema amechoka kumeza vidonge, anataka apumzike mwezi mmoja tu. Mwelezeni kinachoweza kutokea ndani ya seli zake katika mwezi huo, kwa maneno ambayo mtu asiyesoma Biolojia ataelewa.